Kufuga na Kuzalisha Gapi Nyumbani Lamu

Mkaazi wa Lamu anayeanza kufuga samaki wadogo wa maji baridi namshauri achague gapi, samaki wenye asili ya Amerika ya Kusini, kwa kuwa huvumilia joto letu pamoja na maji ya kisima yenye chokaa, mradi yasiwe na chumvi nyingi.

Tangi la kioo la lita 40 latosha. Liwekwe barazani au ndani, mbali na jua kali. Maji ya mfereji yaliyotiwa klorini yaachwe wazi siku nzima kabla ya kutumiwa, na kila wiki ibadilishwe robo tu. Bakteria wanaovunja sumu ya kinyesi hukaa kwenye chujio na changarawe, na huchukua wiki 4 hadi 6 kuenea. Subira ya kungoja bakteria hao waenee ndiyo inayowashinda wengi, nao samaki hufa bure.

Kwa kila dume weka majike mawili au matatu, ili jike mmoja asisumbuliwe mno. Gapi hatagi mayai, bali huzaa watoto hai baada ya takriban wiki 4, na jike aliyepandwa mara moja huweza kuzaa tena miezi kadhaa bila dume. Mama huwala wanawe. Kwa hiyo tia majani mengi ya majini wajifiche, au wahamishe. Walishe kiini cha yai lililochemshwa, kidogo sana, kwani mabaki huchafua maji upesi.

Wanaozidi wagawie majirani. Usiwamwage kisimani wala mtoni.