SOMO: Mashine ya boti inalia, taa ya oili imewaka. Soma hapa kabla hujanipigia

Nimechoka kuulizwa "fundi, mashine inalia, nifanyeje?" (yaani mlio wa tahadhari) na mtu ambaye hata taa hajaitazama. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia hili.

Nazungumzia Yamaha za tu-stroki zinazojichanganyia oili zenyewe, zile V4 na V6 (silinda nne na sita) za boti za watalii na abiria. Kama yako ni Enduro unayochanganya oili kwenye dumu, hili halikuhusu.

Matenki ya oili ni mawili. Kubwa liko ndani ya boti. Dogo liko kwenye mashine, chini ya kava. Pampu ya umeme inahamisha oili kutoka kubwa kwenda dogo, halafu pampu nyingine, inayozungushwa na mashine yenyewe, inaigawa kwenye silinda. Taa ya oili ina rangi tatu. Kijani: salama. Njano: kubwa limekaribia kukauka. Nyekundu: dogo limekaribia kukauka, na hapo mashine inajishusha yenyewe hadi mizunguko kama 2,000 kwa dakika.

1. Punguza moto, yaani kasi ya mashine, tazama taa. Ikiwa mashine inalia na kijani bado inawaka, ugomvi si wa oili, ni joto. Tazama maji ya kupoozea yanayochirizika pembeni. Hayatoki? Zima, angalia kama mfuko wa nailoni haujaziba matundu ya maji chini.

2. Njano: ongeza oili kwenye tenki kubwa. Iwe yenye alama ya TC-W3, oili ya tu-stroki za boti.

3. Nyekundu na tenki kubwa limejaa: oili haihami. Fyuzi, soketi ya waya wa pampu (chumvi inaila mpaka inakuwa kijani), mpira uliokandamizwa na madumu, chujio.

4. Uko katikati ya bahari? Fungua kava, utaona swichi ndogo ya dharura. Washa ufunguo, ishikilie swichi, tazama oili ikipanda kwenye tenki dogo. Ikipanda, unayo ya kukufikisha. Isipopanda, changanya oili kwenye petroli na urudi polepole.

5. Chini ya tenki dogo kuna mpira wa kutolea maji. Weka kikopo, uuchomoe. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Safisha matenki yote mawili. Kusafisha moja ni kujidanganya.

6. HAPA NDIPO MASHINE ZINAPOKUFA. Tenki dogo likishakauka, au ukichomoa mpira wowote wa oili, upepo unaingia kwenye njia. Unajaza, taa inarudi kijani, mlio unanyamaza, unafungulia moto wote, na pistoni zinanata kabla hujafika. Taa inapima kiasi cha oili tenkini, haioni upepo kwenye mipira. Kwa hiyo legeza skrubu ya kutolea upepo kwenye pampu ya oili, acha oili itoke mpaka mapovu yaishe, kaza. Kisha changanya petroli 50 kwa 1, yaani dumu la lita 20 weka mililita 400, na uwashe mashine kwenye maji, mwendo wa chini. Chomoa kifimbo kinachounganisha pampu na kabureta, ushike mkono wa pampu ukiwa wazi kabisa, utazame ile mipira myembamba inayopitisha mwanga. Povu likionekana, endelea. Usiseme "limebaki moja tu". Moja hilo linakwenda kwenye silinda moja. Na ukimaliza, rudisha kifimbo.

MASWALI

Kiboko_wa_Nungwi: Fundi yangu inalia, tatizo nini?
— Taa ipi?

Kiboko_wa_Nungwi: Sijaangalia, boti iko ufukweni mimi niko mjini.
— Basi mimi na wewe hatujui.

Said Ngalawa: Kuna mtu kaniambia nikate waya wa mlio, unakera abiria.
— Kata. Abiria hao hao watakusaidia kupiga kasia.

Bi Mwanakheri: Shikamoo fundi. Umesema taa haioni upepo. Je, pampu ya kwenye mashine ikifa yenyewe, taa itanijulisha?
— Marahaba bibi, hilo ndilo swali. Haitakujulisha. Pampu ikikatika, matenki yanabaki yamejaa na kijani inawaka mpaka mashine inanoki. Dawa yake ni hesabu: bandika utepe kwenye tenki kubwa, weka alama ya kalamu kila unapojaza petroli. Ukienda moto mkubwa, lita 100 za petroli zinakula oili inayokaribia lita mbili. Mwendo wa taratibu inakula kidogo kuliko hapo. Petroli imekwisha na oili haijashuka kwenye utepe? Usiondoke gatini.

Mtoto wa Kilindoni: Kaka, si bora kuung'oa mfumo wote tuchanganye kwa mkono?
— Wengi wamefanya, na kama kijana wako hapimi oili kwa macho, inafaa. Ila usiache pampu ikizunguka bila oili, inajila na vipande vyake vinabaki ndani. Toa pampu na gia yake, ziba tundu vizuri. Na ujue siku atakayosahau kuchanganya hakuna kitakacholia.

Said Ngalawa: Oili ya tu-stroki ya pikipiki si ileile? Mbona rahisi zaidi.
— Si ileile. Ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa na upepo.

Bi Mwanakheri: Na hizo soketi zinazoliwa na chumvi, mwanangu anazipaka mafuta ya mgando baada ya kuzikausha.
— Mwanao anajua kazi. Azisugue kwanza kwa mswaki mkavu, kisha apake kidogo. Na kichwa cha betri asikisahau. Pampu ile ya umeme ikipata betri legelege inanguruma tu, haivuti.

Kiboko_wa_Nungwi: Nimefika. Njano.
— Namba 2.