Daftari la Picha kwa Karatasi Zilizokwisha Kazi

Anayetaka kutunza kumbukumbu zake kwa michoro, vipande vya karatasi na maneno machache hana haja ya kununua daftari la bei kubwa, kwa kuwa hapa Uganda karatasi nzuri hutupwa kila siku: kalenda za mwaka uliopita, majarida, na mabaki ya wachapaji wa Nasser Road mjini Kampala, ambayo si vibaya kuyaomba kwa adabu.

Kunja karatasi 8 za A4 katikati kwa pamoja, nawe utapata kurasa 32. Kwa jalada napendelea lubugo, kitambaa cha gome la mutuba ambacho ufundi wake umo katika orodha ya UNESCO ya urithi tangu mwaka 2008, kwa sababu hakifumuki nyuzi kinapokatwa. Toboa matundu 3 kwenye mkunjo. Ingiza sindano kwa ndani kupitia tundu la kati, irudishe ndani kwa tundu la juu, itoe kwa la chini, kisha irudi ndani kwa lile la kati, ambapo utafunga fundo.

Gundi hupikwa nyumbani. Koroga vijiko 2 vya unga wa muhogo katika nusu kikombe cha maji baridi, mimina kikombe 1 cha maji yanayochemka, kisha pika huku ukikoroga mpaka mchanganyiko ung'ae. Haidumu zaidi ya siku chache, na ikianza kunuka itupwe. Ipake nyembamba, kwani kosa la wengi, nami nikiwamo, ni kudhani kuwa gundi nyingi hushika zaidi, kumbe hukunjamanisha ukurasa. Katika miezi ya mvua weka kipande cha kaveera, yaani mfuko wa plastiki, kati ya kurasa mbichi, kisha ulaze vitabu vizito juu yake usiku kucha.

Ukurasa wa kwanza huwatisha wengi. Uchafue mapema kwa kuupaka chai ya rangi iliyokolea. Ukikauka, bandika tikiti ya basi au karatasi ya pakiti ya majani ya chai, chora kaloli, yule korongo mkubwa wa mjini, aliyesimama juu ya paa la jirani, na uandike tarehe.

Kifungo cha daftari ni ushanga wa karatasi. Kata kalenda iwe pembetatu ndefu ya sentimita 30, yenye kitako cha sentimita 2. Upana wa kitako ndio utakaokuwa urefu wa ushanga, na kadiri ukanda unavyorefuka ndivyo ushanga unavyonenepa. Anza kuviringisha kwenye kijiti cha meno kwa upande mpana, ukibana sana na kuhakikisha kuwa ncha inabaki katikati, kwa maana ikienda kombo ushanga wote huwa na kibyongo. Paka gundi kwenye ncha pekee, uchomoe kijiti, na ukishakauka uchovye katika vanishi mara 2, ukiuacha ukauke kila mara. Utunge kwenye uzi ulioshonwa jaladani, na nyuma ya daftari uweke kitanzi kinachoubana kidogo.