Moto au garasa? Namna ya kumpima mvamizi wa NFL katika mwaka wake wa kwanza

Mwaka 2006 Houston Texans ndio waliochagua wa kwanza katika drafti, zamu ya kila mwaka ambapo timu za NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, huchagua vijana kutoka vyuoni. Mji ulimtaka Reggie Bush, na asiyemtaka Bush alimtaka Vince Young, mtoto wa hapahapa Houston. Klabu ikamchukua Mario Williams, mvamizi kutoka chuo cha North Carolina State. Msimu ukaisha ana seki nne na nusu (seki nitaieleza punde), watu wakalalamika kwamba wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Msimu uliofuata akapata 14.

Mimi nilihamia Houston baadaye, nikawakuta wenzangu kazini bado wanaisimulia habari hiyo kana kwamba ni ya jana. Ndiyo maana mpwa wangu aliyeko Tanga anaponiandikia mwezi Septemba, ligi haijamaliza hata wiki ya tatu, "Shikamoo mjomba, huyu kijana wenu mbona kimya, garasa nini?", sikimbilii kumjibu. Namwambia asubiri, kisha namweleza cha kutazama wakati anasubiri. Maelezo yenyewe ni haya.

Nikisema mvamizi, namaanisha yule anayepangwa pembeni mwa mstari ili amfikie kwotabeki, yule anayerusha mpira, kabla hajaachia pasi. Anayemzuia nitamwita mlinzi. Aghalabu ni jitu la kilo 140 na ushee, lenye mikono mirefu na miguu myepesi kuliko unavyodhani. Seki ni kumwangusha kwotabeki nyuma ya mstari mpira ukiwa bado mkononi mwake. Wakimwangusha wawili, kila mmoja anaandikiwa nusu. Ligi inaihesabu rasmi tangu 1982.

Seki zichambue moja moja

Seki ni chache mno kukupa jibu. Mvamizi anayecheza sana hukimbilia mamia ya pasi katika mechi 17, na akipata seki kumi anaimbwa. Hesabu ndogo namna hiyo hutikiswa na mchana mmoja mzuri. Maxx Crosby alipata kumi katika mwaka wake wa kwanza, 2019, akiwa na Raiders. Nne kati ya hizo ni za mechi moja dhidi ya Cincinnati. Aidan Hutchinson wa Detroit alipata tatu katika kipindi kimoja dhidi ya Washington mwaka 2022, akamaliza na tisa na nusu. Wote wawili wamethibitika kuwa hatari kweli, lakini ungeziondoa siku hizo mbili ungebaki na namba za watu wa kawaida.

Basi usizijumlishe kabla hujazitazama. Kila seki iulize: nani alikuwa anamzuia? Kama ni taiti endi, yule mpokeaji wa mwisho wa mstari anayesaidia pia kuzuia, aliyeachwa peke yake, au hakuna aliyemgusa kwa sababu kocha alituma watu wengi kuliko walinzi, hiyo ni seki ya kocha. Ilichukua muda gani? Kwotabeki akikaa na mpira sekunde nne kwa sababu wapokeaji wote wamekabwa, asante iende kwa mabeki wa nyuma. Na je, alimshinda mtu wake, au kwotabeki alikimbia presha ya upande wa pili akajipeleka mikononi mwake? Ukimaliza kuchuja hivyo, seki sita za mtu mmoja zinaweza kubaki mbili, na seki nne za mwingine zikabaki nne.

Namba ninayoiamini zaidi ni ya presha: mara ngapi alimfanya kwotabeki aharakishe, ahame, au apigwe mara tu baada ya kuachia mpira. Tovuti ya Pro Football Reference inazo bure kuanzia msimu wa 2018. ESPN nao wana kipimo chao kinachouliza kama mvamizi amemshinda mlinzi wake ndani ya sekunde mbili na nusu, mpira uende wapi au usiende. Kila nyumba inahesabu kivyake, kwa hiyo usichukue namba ya huku ukailinganisha na ya kule. Na gawanya: presha kwa pasi alizokimbilia. Kijana anayeingizwa nusu ya muda hawezi kulingana na anayecheza wakati wote.

Jared Verse ndiye mfano wangu wa kila siku. Rams walimchukua wa 19 mwaka 2024, akapata seki nne na nusu tu, sawasawa na Williams wa 2006, na bado akapewa tuzo ya chipukizi bora wa upande usio na mpira, wanakocheza wavamizi. Waliopiga kura waliona kilichoonekana kila Jumapili: walinzi wakirudishwa kinyumenyume hadi mapajani mwa kwotabeki wao. Khalil Mack naye alianza na seki nne mwaka 2014. Mwaka 2015 alikuwa na 15.

Sasa tazama mtu, achana na mpira

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanapochoka. Mechi usiitazame mubashara kwa lengo hili. Mlioko Afrika Mashariki mechi za Jumapili zinaanza saa mbili usiku, na Marekani ikibadilisha saa mwezi Novemba zinaanza saa tatu. Ile ya usiku ya huku, kwenu ni saa tisa na dakika ishirini, au saa kumi na dakika ishirini baada ya mabadiliko hayo, watu wamelala. Itazame kwa raha zako, kisha irudie siku nyingine. Nje ya Marekani Game Pass, huduma ya kutazama mechi mtandaoni, inauzwa kupitia DAZN. Mimi huku natumia kifurushi cha NFL+ Premium kwa sababu kina picha za makocha, zile zinazopigwa kutoka juu na kuonyesha wachezaji wote 22. Jumanne siendi kazini, basi asubuhi ni chai, chapati na mtu mmoja tu kwenye skrini.

Chagua pasi tu, mipira ya kukimbia iruke kwanza. Mkodolee macho kijana wako tangu kabla mpira haujaondoka hadi umeachiwa. Hesabu polepole, elfu moja na moja, elfu moja na mbili. Akiwa bado kifuani mwa mlinzi unapoanza elfu moja na tatu, andika kwamba ameshindwa, hata kama baadaye ameangukia seki.

Kitu cha kwanza ni hatua ya kwanza. Mpira ukitikisika, nani kwenye mstari anaanza kusogea? Akiwa yeye kila mara, una kitu. Lakini angalia mechi za ugenini pia. Nyumbani kelele za mashabiki zinawalazimisha wapinzani kuanza mpira kwa ishara za kimya, na mlinzi anayegeuza shingo kusubiri ishara huchelewa kidogo. Uwanja wetu hapa Houston unafungwa paa, na makelele yale yamempendezesha kijana zaidi ya mmoja.

Kitu cha pili ni mikono, na kama ningeruhusiwa kutazama kimoja tu ningetazama hiki. Chuoni kijana mwenye mwili alishinda kwa mwili. Alikuwa anakutana na watoto wa miaka 19 ambao wengi hawatacheza tena baada ya chuo. Huku NFL mlinzi ana mikono mirefu na amekuwa akilipwa miaka minane kuitumia. Simamisha picha pale wanapogusana. Mikono ya nani imetua kwanza, na imetua wapi? Ya mlinzi ikiwa ndani, kifuani, mchezo umekwisha. Ya kijana ikiwa imefika kwanza, au amepiga kiwiko cha mlinzi kikakunjika, basi hata asipofika kwa kwotabeki ujue ameshafundishika. Mvamizi anayekimbia akiwa na mikono kiunoni mwezi Septemba ni kawaida. Akiwa hivyo mwezi Desemba, uliza kocha wake anafanya nini.

Kitu cha tatu ni kona. Wepesi wa mstari ulionyooka unapimwa Indianapolis kila mwaka kwenye majaribio ya kabla ya drafti, yadi 40 kwa saa ya umeme, na magazeti yanauandika kwa herufi kubwa. Kwotabeki hakai kwenye mstari ulionyooka. Lazima mvamizi ainame, bega lishuke chini ya mkono wa mlinzi, kifundo cha mguu kikubali kulala, ageuke bila kupunguza kasi. Asiyeweza kuinama utamjua: mlinzi anamsindikiza tu kwa kiganja, naye anapita nyuma ya kwotabeki kama daladala iliyopitiliza kituo. Mara moja moja si neno. Ikiwa ndiyo njia yake kila pasi, wasiwasi ni halali, labda awe na nguvu za kumsukuma mlinzi kama Verse, maana mwenye nguvu hahitaji kona sana.

Kitu cha nne ni silaha ya pili. Karibu kila chipukizi anakuja na moja iliyomlisha chuoni. Mwezi wa kwanza inafanya kazi, kisha walinzi wanatazama picha zake na inakufa. Linganisha mechi mbili, ya mwanzo wa msimu na ya mwishoni. Je, sasa anapozuiwa nje anakata ndani? Anazunguka? Anaanza kwa kasi kisha anageuza kuwa msukumo? Haijalishi kama inafanikiwa. Mimi humpa alama anayejaribu kitu kipya na kuanguka chini kuliko anayerudia kilekile akiwa amesimama.

Waulize wapinzani

Kocha wa timu pinzani analipwa kumchunguza huyu kijana wiki nzima, na hukumu yake anaipanga uwanjani kabla mpira haujaanza. Tazama taiti endi amewekwa upande gani. Tazama mkimbiaji anayebaki nyuma, kama anampiga kikumbo kijana wako kabla ya kwenda kupokea pasi. Tazama kama walinzi wa ndani wanateleza kuelekea kwake. Mwezi Septemba chipukizi huachiwa mlinzi mmoja, ajitetee. Ikifika Novemba wanamwekea wawili, seki zake zinaweza hata kupungua, na hapo ndipo ninapofurahi.

Tahadhari moja. Kabla hujasema anawekewa wawili, au anaachiwa mmoja, mtazame jirani yake. Will Anderson wa Texans alipata seki saba mwaka 2023 na tuzo ileile ya Verse, na upande wa pili alikuwapo Jonathan Greenard mwenye 12 na nusu. Mwaka uliofuata akaja Danielle Hunter, akapata 12 na Anderson 11. Mvamizi mzuri pande zote mbili anawanyima walinzi pa kuegemea. Chipukizi aliye peke yake kwenye timu mbovu, inayofungwa hadi wapinzani wanaacha kurusha pasi kipindi cha pili, hana nafasi hizo.

Huyo Hunter ananirudisha kwenye umri. Mwaka wa mwisho chuoni LSU alikuwa na seki moja na nusu. Minnesota wakamchukua wa 88 mwaka 2015, akiwa na miaka 20 tu. Akapata sita mwaka huo, kisha 12 na nusu. Ezekiel Ansah alizaliwa Accra na hakuwahi kucheza mchezo huu hadi 2010, akiwa mwanafunzi wa chuo cha BYU. Mwaka 2013 Detroit walimchukua wa tano, akaanza na seki nane. Watu wa namna hiyo bado wanajifunza, na presha ileile kwao ina thamani zaidi kuliko kwa mwenye miaka 24 aliyefundishwa tangu utotoni. Lakini mwili pekee hautoshi. Mkenya Daniel Adongo alitolewa kwenye raga na Indianapolis Colts mwaka huohuo wa 2013, akapangwa pembeni, ana urefu na mbio za kutamanisha, akaishia kucheza mechi chache tu kabla ya kuachwa.

Majeraha nayo yapitie kabla hujamhukumu mtu. Williams alicheza mwaka wake wa kwanza na maumivu ya unyayo. Jadeveon Clowney, wa kwanza katika drafti ya 2014, alicheza mechi nne bila seki hata moja; goti lilikuwa limekwisha. Na upande wa pili yuko Chase Young, seki saba na nusu na tuzo mwaka 2020, kisha goti likakatika Novemba 2021 akiwa na moja na nusu.

Mechi za kujipima za Agosti nazitazama kwa ajili ya hatua ya kwanza tu. Seki za huko ni dhidi ya watu ambao wiki mbili baadaye watakuwa wanatafuta kazi.

Ratiba yangu ni hii. Wiki nne za kwanza naandika bila kusema lolote. Katikati ya msimu nalinganisha presha zake na za wenzake wa drafti ileile. Kuanzia wiki ya 12 ndipo naangalia silaha ya pili na mapafu, maana chipukizi wengi huanza kuburuza miguu hapo, wakati ambapo msimu wa chuo ungekuwa umekwisha. Tazama pia kama anapozuiwa kabisa anainua mkono mbele ya pasi. J.J. Watt alikuwa na seki tano na nusu tu mwaka 2011, lakini Januari 2012, kwenye mechi ya mtoano dhidi ya Cincinnati, aliinua mikono palepale mstarini, akaudaka mpira wa kwotabeki wao Andy Dalton na kukimbia nao yadi 29 hadi mwisho. Msimu uliofuata alipata seki 20 na nusu. Kwa hiyo daftari langu lina safu ya mikono iliyoinuliwa, na mpwa wangu nimemwambia aiweke kwenye lake, kati ya presha na kona.