Somo: Kupiga Picha ya Mwezi wa Barafu Chombo Kikiwa Mbioni

Wanachama wa Mbeya, Iringa na Njombe, leo tunasoma Triton, mwezi wa Neptuni wenye barafu ya naitrojeni. Chombo cha angani Voyager 2 kiliupita Agosti 25, 1989, umbali wa kilomita 40,000 hivi. Hakuna chombo kingine kilichowahi kufika huko.

Hatua ya 1. Andika maagizo mapema. Mawimbi ya redio huchukua zaidi ya saa 4 kufika Neptuni. Ukija kugundua kosa, chombo kimeshapita.

Hatua ya 2. Pima mwanga. Jua la kule ni hafifu mara 900 kuliko la hapa kwetu, hivyo kamera hubaki wazi muda mrefu.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Kamera iliyo wazi huku chombo kinakimbia hutoa picha yenye ukungu. Mkipanda basi la Uyole kwenda Tukuyu jioni, jaribuni: simu ikitulia, migomba ya kando ya barabara inatoka michirizi. Igeuzeni polepole kuufuata mgomba mmoja, huo utatulia. Wahandisi waligeuza chombo kizima namna hiyo, taratibu, kwa injini zake ndogo. Ujuzi huo haukuwamo kiliporushwa mwaka 1977. Programu yake ilitumwa kwa redio kikiwa tayari safarini. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko kamera yenyewe.

Hatua ya 4. Hifadhi picha kwenye utepe wa kurekodia wa chombo, kisha zitume Duniani.

Hatua ya 5. Pata rangi. Kila picha ilipigwa nyeusi na nyeupe kupitia kichujio chake cha rangi, kisha zikaunganishwa.

MASWALI

Rungwe: Shikamoo mwalimu. Kwa nini wasingekisimamisha tu?
Jibu: Marahaba. Mafuta yaliyokuwamo yasingetosha kabisa kuvunja mwendo ule.

Iringa: Ni kweli waliona kitu kikifoka?
Jibu: Kweli kabisa! Michirizi myeusi ilipanda kama kilomita 8, kisha upepo ukaisukuma pembeni. Kimo kilipimwa kwa kulinganisha picha za pembe tofauti. Zingekuwa na ukungu, tusingejua lolote.

Makete: Nikiwa Kitulo naweza kuuona Triton?
Jibu: Hapo unahitaji darubini kubwa. Anza na Jupita, kwa darubini ya macho mawili kama za waongoza watalii wa Ruaha. Egemeza viwiko ukutani, utaona vinukta pembeni yake. Kimoja ni Europa, mwezi wa Jupita, nao ni wa barafu.