Jinsi ya kusoma vitabu na ripoti za wachimbaji kuhusu miji ya kale ya pwani yetu

Hii naiandika kwa ajili ya vijana wanaopeleka wageni magofuni, walimu wa historia, na yeyote aliyewahi kuulizwa "huu msikiti una miaka mingapi" akajibu kile alichosikia kwa mwenzake. Mimi nimejibu hivyo miaka kadhaa kule Kilwa, mpaka siku mama mmoja mgeni akaniuliza kwa upole tu hiyo tarehe nimeitoa wapi, nikawa sina pa kumwonyesha. Ndo nikaanza kusoma, na nilipoteza muda mwingi sana manake vile vitabu havisomwi kama vya shule.

Kwanza kabisa usianze na swali kubwa. "Historia ya Waswahili" hutaimaliza. Chukua dogo, mfano Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulijengwa lini, na utaona lilivyo na utamu kwa sababu jibu lake siyo mwaka mmoja: ule upande wa kaskazini, mdogo, ndo wa zamani, halafu mwanzoni mwa karne ya 14 ukaongezwa ukumbi mkubwa wa kusini enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, huyo huyo wa lile jumba la Husuni Kubwa, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331, na baadaye tena kukawa na matengenezo makubwa. Sasa ukisimama katikati ya zile nguzo za kusini ukasema huu ni msikiti wa mwanzo kabisa, umemdanganya mgeni wakati jibu lilikuwa hapo hapo kwenye ramani ya jengo.

Pili, kabla hujafungua kitabu angalia mwaka wa kuchapwa na jina lake. Usilipite hili. James Kirkman alianza kuchimba magofu ya Gedi, pwani ya Kenya, mwaka 1948, na kitabu chake cha 1954 kinauita Gedi mji wa Kiarabu. Neville Chittick alitoa juzuu mbili za Kilwa mwaka 1974, kwake ni mji wa biashara wa Kiislamu. Mark Horton kachimba Shanga kisiwani Pate miaka ya 1980, kitabu kikatoka 1996, hapo tayari ni jamii ya wafanyabiashara Waislamu. Chapurukha Kusimba 1999 anasema dola za Waswahili. Soma hayo majina manne kwa kufuatana uone mawazo yalivyohama ndani ya miaka 45! Na hayakuhama kwa siasa peke yake, kulikuwa na vitu vilivyotoka ardhini. Shanga chini ya msikiti wa mawe kulikutwa misikiti mingine midogo ya miti, inashuka mpaka karne ya 8, na vigae vya vyungu vilivyokutwa vingi mno ni vya kufinyangwa huku huku, vya kutoka ng'ambo ni sehemu ndogo sana. Felix Chami naye kwenye kazi yake ya 1994 akaonyesha vyungu vya aina ile vinapatikana pia bara, mbali na bahari.

Kwa hiyo ukisoma Kirkman usimtupe. Vipimo vyake, michoro yake, orodha ya alivyovikuta, hivyo bado ni mali. Kilichozeeka ni maelezo ya nani alijenga. Mimi kwenye daftari nina kurasa mbili zinazotazamana, kushoto naandika "alichokiona", kulia "alichokifikiria", na ukifanya hivyo kwa kitabu kimoja tu macho yako yatabadilika.

Tatu, usisome kuanzia mwanzo kwenda mwisho. Soma muhtasari, kisha ramani, kisha ule mchoro wa ukuta wa shimo unaoonyesha matabaka, kisha majedwali ya vitu vilivyopatikana, hitimisho la mwisho kabisa. Ukianza na hitimisho utakuwa unasoma majedwali kwa miwani ya mwandishi.

Hapo kwenye matabaka ndo pana kazi, twende polepole. Tabaka la chini limetangulia, la juu limefuata, isipokuwa pale watu walipochimba choo au kaburi wakavuruga. Ndani ya tabaka kitu kipya kuliko vyote ndicho kinachotoa tarehe. Ukikuta sarafu ya mwaka 1320 na kipande cha bakuli la China la mwaka 1400 vyote kwenye tabaka moja, hilo tabaka haliwezi kuwa na umri zaidi ya hilo bakuli, ile sarafu ilikuwa ya zamani tayari wakati inaanguka. Na linaweza kuwa jipya zaidi ya hapo, kwa sababu mabakuli mazuri watu walirithishana.

Mfano unaonigusa mwenyewe ni wa Ali bin al-Hasan, yule ambaye masimulizi ya Kilwa yanasema ndiye alikinunua kisiwa kwa nguo. Chittick kwa alivyopata kwenye mashimo yake alimweka karibu na mwaka 1200. Halafu mwaka 1984 pale Mtambwe Mkuu, Pemba, ikaonekana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi ni vijisarafu vidogo vya fedha vyenye majina ya watawala wa huku huku, Ali bin al-Hasan mmojawapo, na zimechanganyika na dinari chache za dhahabu za Wafatimi, watawala wa Misri, wa karne ya 11. Basi, mtawala wetu akarudishwa nyuma zaidi ya karne nzima. Chittick hakuwa mzembe, alisema kwa alichokuwa nacho mkononi. Lakini ukiwa umesoma kitabu cha 1974 peke yake na ukaishia hapo, leo bado unawapa watu tarehe iliyokwisha sogezwa. Ndo maana baada ya kila kitabu tafuta nani alikuja kukijibu. Azania, jarida la wachimbaji wa mambo ya kale, linatoka tangu 1966 na mabishano mengi ya pwani yamo humo.

Kuna tarehe za makaa, radiokaboni. Utakuta imeandikwa namba halafu herufi BP, maana yake miaka kabla ya 1950, siyo kabla ya leo. Na usitoe 1950 kutoa hiyo namba ukadhani umemaliza, lazima iwe imesahihishwa kwanza, wanaandika "cal", ukiona haina hiyo alama ni namba ghafi. Ile ± pembeni isikupite, ni upana wa makisio. Angalia pia kilichopimwa: chaza na kome hutoa umri mkubwa kuliko ukweli kwa sababu ya kaboni ya zamani iliyoko baharini, na boriti inaweza kuwa ilishatumika kwenye nyumba nyingine kabla ya hiyo. Mbegu iliyoungua, mtama au mpunga, ndo nzuri.

Ule utafiti wa vinasaba (DNA) wa 2023 uliotoka kwenye jarida la Nature nao watu wameugombania mno kwenye magrupu, kila mtu kachukua nusu yake. Walipima watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani, wakakuta kuanzia kama mwaka 1000 mchanganyiko, kwa akina mama asili ni ya Afrika kwa sehemu kubwa, kwa akina baba wengi kutoka Asia, hasa Uajemi. Sawa. Lakini soma makaburi yaliyochimbwa ni ya nani! Mengi ni ya watu wenye uwezo, yako karibu na misikiti na nyumba za mawe, na aliyekuwa anakaa kwenye nyumba ya udongo na makuti hakupata kaburi la kudumu hivyo, mifupa yake hatuna.

Masimulizi ya wazee yasome kwa ukali ule ule na kwa heshima ile ile. Hata habari za wafalme wa Kilwa zina matoleo mawili, moja la Kireno kwenye kazi ya João de Barros iliyochapwa 1552, jingine la Kiarabu ambalo nakala yake iko British Library, London, na hayalingani kila mahali. Ukimrekodi bibi au mzee omba ruhusa, andika siku, usimwekee jibu mdomoni, na muulize alisikia kwa nani.

Kazi za uhifadhi zisome kwa picha, kabla na baada. Magofu ya Kilwa na Songo Mnara yaliingia orodha ya urithi wa dunia 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini 2004, yakatolewa huko 2014, kwa hiyo kuna kuta nyingi unazoziona leo zimeshikwa upya na fundi. Angalia wametumia nini. Chokaa inapumua na inaendana na mawe ya matumbawe yaliyojengewa kuta hizo, saruji inafunga unyevu na chumvi ndani na jiwe linaanza kumung'unyika.

Kuvipata: tafuta jina la makala Google Scholar ubonyeze matoleo yote, mara nyingi kuna la bure. Ukikosa mwandikie mwandishi imeili fupi, sema wewe nani, uko mji gani, unataka makala ipi, wengi wanatuma. Zanzibar kuna Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Nairobi kuna maktaba ya British Institute in Eastern Africa. Kila unachonakili andika jina, mwaka na ukurasa papo hapo.

Na ukishaanza kuvitambua vigae mkono utakuwasha kuokota. Acha. Tanzania kuna sheria ya mambo ya kale tangu 1964, Kenya ni ya 2006. Weka kalamu pembeni ya kigae kuonyesha ukubwa, piga picha, washa lokesheni ya simu, upeleke ofisi ya mambo ya kale iliyo karibu nawe, kigae kibaki pale pale ulipokikuta.