Jinsi ya kujifunza utafiti wa afya, wa namba na wa maelezo, kwa swali moja tu

Wanafunzi wengi wa uuguzi, famasia na utabibu wanapofika mwaka wa kufanya utafiti wanakuja na jibu tayari: mimi nafanya kwantitetivu (utafiti wa namba) kwa sababu sipendi kuandika sana, au mimi kwalitetivu (utafiti wa maelezo) maana hesabu zilinishinda toka kidato cha pili. Jamani, njia huichagui kwa mapenzi. Swali lako ndo linachagua. Ukiuliza wangapi, mara ngapi, kiasi gani, unahitaji namba, ukiuliza kwanini na inakuwaje unahitaji kukaa na mtu umsikilize.

Kwahiyo ushauri wangu, chukua swali moja dogo ulifanye kwa njia zote mbili. Mimi nitatumia hili: akina mama wa kata fulani wanaanza kliniki mimba ikiwa na wiki ngapi, na nini kinawachelewesha? Ni swali la maana kweli. Tangu 2016 WHO, Shirika la Afya Duniani, inashauri mjamzito aonwe angalau mara 8 na aanze ndani ya wiki 12 za mwanzo. Kwa Tanzania bara na visiwani, utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 51 ya akina mama walihudhuria mara 4 au zaidi, ule wa 2022 ukakuta 65. Tumepanda, inafurahisha, ila namba hiyo haikwambii huyu ambaye hakufika mara 4 alikuwa anawaza nini.

Kabla hujagusa chochote, kibali. Sio karatasi ya kukusumbua. Kuna binadamu walifichwa ugonjwa wao pale Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 mpaka 1972, wakaachwa na kaswende bila matibabu ili waangaliwe tu, hata penisilini ilipokuwa inapatikana. Kamati ya maadili ipo kwa ajili hiyo. Mwanafunzi anza na kamati ya chuo chako, utafiti mwingine utapelekwa NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, alafu ruhusa ya halmashauri na ya kituo chenyewe. Hata kufungua rejista tu inahitaji ruhusa, na majina usiyanakili kabisa, mpe kila mama namba badala ya jina.

Sasa namba. Anza na rejista ya wajawazito ya MTUHA (mfumo wa taarifa wa vituo vya afya), chukua hudhurio la kwanza la kila mama kwa miezi mitatu, umri wa mimba kwa wiki, umri wa mama, mimba ya ngapi. Ingiza kwenye Ekseli, mstari mmoja mama mmoja, safu moja jambo moja. Afu usikimbilie vipimo vikubwa vya takwimu, chora kwanza grafu uone data zimekaaje. Utakuta labda mama mmoja kaandikiwa wiki 92, hilo ni kosa la kuandika na likibaki linaharibu wastani wote, ndo maana ujifunze na median, yule wa katikati ukishawapanga, yeye hayumbishwi na mtu mmoja. Halafu jiulize nani hayupo kwenye rejista. Mama ambaye hajawahi kuja kliniki hayupo humo! Kwahiyo huwezi kusema "akina mama wa kata hii", sema "waliofika kituoni". Ukitaka wa kata nzima inabidi uende mitaani na uchague kaya kwa bahati nasibu, sio wale wa karibu na barabara.

Ukubwa wa sampuli unawatesa wengi bure. Fomula ya kawaida ya kukadiria asilimia: 1.96 kipeo cha pili, zidisha p, zidisha moja toa p, gawa kwa d kipeo cha pili, ambapo p ni asilimia unayotegemea kuikuta ikiandikwa kwa desimali (65 ni 0.65), d ni kosa unaloweza kuvumilia, na 1.96 ni ya uhakika wa asilimia 95. Ukiweka p 0.5 na d 0.05 unapata 384.16, unapandisha 385. Kama unakadiria waliohudhuria mara 4 au zaidi, ukatumia ile 0.65 ya kitaifa, unapata 350. Ukitegemea 10 kwa 100 watakataa, gawa 385 kwa 0.9 upate 428, usiongeze tu asilimia 10 juu, unapungukiwa. Na hii ni kwa sampuli ya bahati nasibu ya kawaida, ukichagua kwa vijiji muone mtu wa takwimu mapema, kabla ya kukusanya, sio baada.

Kuhusu p valyu, yaani uwezekano wa kupata matokeo kama yako au makubwa zaidi kwa bahati tu kama kiukweli hakuna tofauti, kuwa chini ya 0.05 haimaanishi dhana yako ni kweli kwa asilimia 95. Zoea kusoma mipaka ya makadirio, yaani kutoka wapi mpaka wapi namba ya kweli inaweza kuwa. Mfano vifo vya uzazi, ule utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulitoa 556 kwa kila vizazi hai 100,000, lakini mipaka yake ilikuwa 446 hadi 666. Ukiishika 556 peke yake unajiona una uhakika ambao huna. Programu za bure zipo, R, Jamovi, Epi Info, na KoboToolbox ya kukusanyia kwa simu, usinunue kopi za wizi.

Upande wa maelezo ndo watu wanaudharau na ndo mgumu zaidi. Mahojiano yangu ya kwanza yaliisha dakika sita, kwa sababu nilimuuliza mama "kwanini ulichelewa kuanza kliniki?" akaona namshitaki, akajibu "nilikuwa bize tu" basi, kimya. Kwenye Kiswahili chetu neno "kwanini" lina ukali wake. Siku hizi nauliza "mama, hebu nisimulie tangu ulipojijua una mimba mpaka siku ya kwanza unaenda kliniki" afu nanyamaza. Atakwambia mimba changa haitangazwi, au aliambiwa aje na mwenzie na mwenzie yuko safari, au nauli. Salimia vizuri kwanza, shikamoo kwa anayestahili, kaa chini kama yeye amekaa chini, na usiende umevaa koti jeupe, utajibiwa majibu ya kumpendeza daktari.

Rekodi kwa ridhaa, andika neno kwa neno kwa Kiswahili chao, usitafsiri mapema. Wangapi? Hakuna fomula, unaendelea mpaka mahojiano mapya hayaleti jambo jipya, kwahiyo anza kusoma na kuweka kodi tangu mahojiano ya pili. Kodi ni jina fupi pembeni ya kipande cha maneno, mfano "kuficha mimba changa". Mpe mwenzio nakala moja naye aweke zake, mkitofautiana mjadiliane.

Mwisho weka jedwali na nukuu pamoja mezani. Tuseme rejista inaonyesha wenye mimba ya nne ndo wanachelewa zaidi, na wewe umehoji wenye mimba ya kwanza tu. Hapo hujamaliza, rudi ukawatafute wale wa mimba ya nne.