Detekta ya ufukweni kwa bei nafuu: mambo ya kuzingatia kabla ya kulipa

Tangazo likisema detekta, mashine ya kutafutia metali kama pete na mikufu iliyofukiwa mchangani, "haiingii maji", uliza sehemu gani haiingii. Kwenye mashine nyingi za bei ya chini, kinachoruhusiwa kuzama ni sahani peke yake, lile duara la chini unalolipitisha juu ya mchanga. Kasha la juu lenye skrini na betri halitaki hata kurushiwa wimbi. Vanquish za kampuni ya Minelab ziko hivyo: sahani inazama hadi mita 1, kasha linabaki juu. Simplex+ ya Nokta, iliyotoka 2019, inazama nzima hadi mita 3, na bado ilikuwa mashine ya bei ya anayeanza. Angalia pia alama kwenye boksi. IPX7 maana yake mita 1 kwa nusu saa. IP68 inapita hapo, ila kina chenyewe anakitaja mtengenezaji, kwa hiyo kisome kwenye kitabu chake, usimwachie muuzaji akukadirie.

Sasa, maji kutoingia ni jambo moja, na kufanya kazi baharini ni jambo jingine kabisa. Hapa ndipo wengi wanapopoteza hela. Maji ya chumvi yanapitisha umeme, kwa hiyo sahani ikipita kwenye mchanga ulioloa, mashine inalia kana kwamba imeona kitu. Tena mlio huo wa chumvi unakaa karibu sana na mlio wa dhahabu nyembamba. Ukiizoesha mashine ipuuze chumvi, inapuuza na hereni na mkufu mwembamba. Detekta ya masafa mamoja (frequency moja), kama hiyo Simplex+, ina mpangilio wa ufukweni unaosaidia kiasi, lakini lazima ushushe usikivu, na kina kinapungua. Zinazotumia masafa mengi kwa wakati mmoja zinalinganisha majibu ya masafa hayo, zinaitoa chumvi kwenye hesabu, na zinatulia. Vanquish ni za aina hiyo. Legend ya Nokta pia, nayo inazama nzima, ila bei inapanda.

Mwenye bajeti ndogo anabaki na swali: anunue inayozama nzima kwa masafa mamoja, au ya masafa mengi yenye kasha lisilotaka maji? Kwa pwani yetu mimi ningechukua masafa mengi. Bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, la Mombasa au Dar es Salaam linashusha maji zaidi ya mita 3. Maji yakipwa, unatembea kwa miguu mikavu mahali ambapo saa sita nyuma watu walikuwa wanaogelea, na pete zimeanguka hapo hapo. Kuwa na jedwali la maji kujaa na kupwa, epuka siku za maji mafu, yasipopwa sana, na hutahitaji kuzamisha kasha. Anayetaka kuingia hadi kiunoni, au anayetafutia kwenye maji yasiyokupwa sana, huyo alipie mashine inayozama nzima na asibane hapo.

Ufukwe wenyewe nao una neno. Mchanga mweupe wa matumbawe wa Diani au Paje hausumbui mashine. Malindi na Mambrui ni habari nyingine, kwa sababu Mto Sabaki unamwaga mchanga mzito wenye madini ya chuma, na ule mweusi ukichanganyika na chumvi unazichanganya hata detekta nzuri. Zipo mashine za mapigo (pulse induction), zinazotuma umeme kwa mapigo mafupi, kama Sea Hunter Mark II ya Garrett, zinazovumilia mchanga huo na kuona vilivyo chini sana. Lakini hazichagui vizuri: msumari, kizibo cha soda, waya wa dema, vyote vinalia. Kwa anayeanza ni kuchimba mashimo mchana kutwa.

Usiazime mawazo kwa wachimbaji wa dhahabu wa Chunya. Detekta kubwa kama GPX za Minelab zimetengenezwa kwa ajili ya ardhi kavu, na hizo ndizo zilizoigwa sana: Minelab imehangaika miaka na bandia zinazouzwa Afrika. Kwa hiyo namba ya mashine ithibitishwe na kampuni kabla hujatuma fedha, na uulize kama dhamana inahusu maji kuingia.

Ukiweza kuijaribu, usikubali kuijaribia dukani sakafuni. Nendeni ufukweni, msimame pale wimbi linaporudi. Washa, isawazishe na ardhi, yaani izoee mchanga wa hapo, kisha ipitishe huku na huku taratibu bila kuinua sahani. Ikilia kila maji yanapopita, umeshajua. Chukua pete ya dhahabu, ifunge uzi mrefu, ifukie urefu wa kiganja, upite juu yake kutoka pande mbili. Halafu weka jaribosi ya sigara. Namba zinazotokea kwenye skrini zitakaribiana, na hakuna mashine ya bei yoyote itakayokutenganishia kabisa. Atakayekuambia inatenganisha, anauza tu.

Hedifoni za Bluetooth hazifai chini ya maji, mawimbi yake hayapenyi. Tafuta za waya zisizoingia maji. Koleo la kuchotea na kuchujia mchanga, lenye matundu ya kama sentimita moja, atakuchomelea fundi yeyote, ila mwambie atumie chuma kisichoshika kutu. Na nyumbani pawe na maji yasiyo na chumvi ya kuisuuza mashine kila ukirudi.

Sheria isome kabla hujalipa. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kenya, sheria ya makumbusho ya 2006 inaweka mpaka kwenye 1895. Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana 1984 sarafu za fedha zaidi ya 2,000, basi usidhani pwani hii haina kitu. Ukikuta sarafu ya shaba yenye maandishi ya Kiarabu, usiisugue wala usiendelee kuchimba. Piga picha, weka alama mahali hapo, uripoti makumbusho au ofisi ya mambo ya kale. Kwenye hifadhi za bahari kama Watamu, wanakotagia kasa, omba ruhusa kwanza, na ukinyimwa, detekta ibaki nyumbani.